Wazee wa tarehe 1 Januari

Najua nimekuwa kimya kwa muda mrefu, na wengine mmeshaniandikia kuuliza kama nimeacha. Sijaacha. Kazi za Nairobi zimenibana, na wikendi nyingi za miezi iliyopita nimezimalizia nyumbani Roret nikifanya kazi isiyo na mshahara. Leo nataka niwasimulie kazi hiyo, maana ndani yake kuna programu, kuna sensa, na kuna Kogo. (Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis. Huyu ni mama mzazi wa baba yangu.)

Kwa wasiopajua, Roret ni kituo kidogo cha Bureti, kaunti ya Kericho, si mbali na Litein. Ni nchi ya chai, lakini si ile ya kwenye kalenda, yenye mashamba makubwa ya kampuni yaliyonyooshwa kama zulia. Kwetu kila mtu ana kipande chake: ekari moja, nusu ekari, wengine robo. Unachuma, unapeleka kituo cha kununulia majani chai, karani anapima, mwisho wa mwezi unapata kidogo na mwisho wa mwaka unapata bonasi.

Kikundi cha kijiji chetu kina desturi ya kukata kidogo kutoka kwenye bonasi ya kila mwanachama. Zamani pesa hizo zilikuwa za mazishi tu. Miaka ya karibuni zimebaki, zikaongezeka, na sasa zikafikia kiasi cha kugombaniwa. Upande mmoja ulitaka chumba cha pili cha nasari. Upande wa pili ulitaka siku moja kila mwezi ya kupima presha na sukari hapo hapo kijijini, pamoja na kuwalipia wazee wasiojiweza nauli ya boda boda kwenda kuchukua dawa. Ni kweli, kwa Katiba ya 2010 elimu ya nasari na zahanati ni kazi za kaunti. Lakini anayeijua Kenya anajua kwamba kijiji kikisubiri kaunti huku kimekunja mikono kitasubiri sana.

Pesa zilitosha jambo moja. Mwenyekiti akasema, tuna kijana wetu aliyesomea kompyuta, atuhesabie: watoto ni wangapi na wazee ni wangapi? Swali zuri, na ni adimu kulisikia kwenye mkutano wa kijiji. Kwa kawaida anayepaza sauti zaidi ndiye anayeshinda.

Jambo la kwanza nililofanya ni lile ambalo yeyote kati yenu angefanya: kutafuta takwimu zilizokwisha kuchapishwa. Sensa ya mwisho ilifanyika usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019, na ilikuwa ya kwanza Kenya ambapo makarani walitembea na tableti badala ya makaratasi. Wakenya tulihesabiwa 47,564,296. Kaunti ya Kericho, 901,777. Ripoti zake ziko kwenye tovuti ya Shirika la Takwimu la Taifa, bure, katika majuzuu. Juzuu ya pili inashuka hadi kata ndogo, lakini huko inakupa jumla ya wanaume, wanawake, kaya na ukubwa wa eneo. Juzuu ya tatu ndiyo ya umri, na hiyo inaishia kwenye kaunti ndogo. Yaani ukitaka kujua Bureti nzima ina watoto wangapi wa miaka minne, utapata. Ukitaka kujua kijiji chako kina wangapi, hupati.

Wengi hufanya mkato hapa: wanachukua asilimia za kaunti na kuzizidisha kwa idadi ya watu wa kijiji. Kwa maeneo mengine mkato huo unaweza kukufikisha. Kwa nchi ya chai haufai kabisa, na nitaeleza kwa nini.

Ndani ya Kericho kuna jamii mbili zenye umri tofauti. Ya kwanza ni ya mashamba makubwa. Kule watu wanaishi kwenye nyumba za kampuni, na wengi wao walitoka kaunti nyingine kuja kufanya kazi. Nyumba inafuata kazi. Ukistaafu, au ukiachishwa, unarudisha ufunguo na kwenda kwenu. Kwa hiyo piramidi ya umri ya kule ina kiuno kipana: vijana na watu wa makamo wengi, watoto wao, na wazee wachache mno. Jamii ya pili ni sisi wenye vipande. Kwetu ni kinyume. Vijana wanaondoka kwenda Kericho mjini, Nakuru, Nairobi (mimi mwenyewe ni ushahidi), na wazee wanabaki na chai na wajukuu. Ukizichanganya hizo mbili ukatafuta wastani, unapata kijiji ambacho hakipo popote. Wastani wa kaunti ungesema Roret ina wazee wachache kuliko ilio nao kweli.

Basi tukaamua kuhesabu wenyewe. Vijana watano waliomaliza sekondari, kila mmoja na simu yake, fomu niliyoitengeneza mimi, na mzee wa kijiji wa kuwatambulisha mlangoni. Hatukuchukua nambari za vitambulisho. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, lakini hata isingekuwepo, sioni kikundi cha kijiji kingefanyia nini nambari hizo. Tuliuliza nani anaishi hapa, ana umri gani, anaishi na nani.

Watoto walikuwa rahisi. Mama anatoa kadi ya kliniki, tarehe iko pale. Taabu ilianza tulipofika kwa walio juu ya hamsini.

Kuna dada mmoja kati ya wale vijana watano, hodari sana, ambaye jioni ya siku ya kwanza aliniuliza: "Kaka, mbona wazee wetu wote walizaliwa siku moja?" Nikafungua jedwali. Kweli. Zaidi ya nusu ya wazee waliotoa vitambulisho walikuwa wamezaliwa tarehe 1 Januari. Na miaka yenyewe ilikuwa ya kupendeza: 1940, 1945, 1950, 1955. Ukichora grafu ya umri mmoja mmoja inakuwa kama kitana chenye meno marefu kwenye sifuri na tano.

Jambo hili halikuanza Roret. Wanaosoma mambo ya idadi ya watu wana kipimo chake, kinaitwa kielezo cha Whipple, na ni hesabu ya mistari mitatu ya programu. Unachukua watu wote wa miaka 23 hadi 62. Hapo kuna umri wa aina 40, na 8 kati yake unaishia na 0 au 5, yaani moja kwa tano. Kwa hiyo unahesabu walio kwenye hiyo minane, unazidisha kwa 5, unagawanya kwa jumla, unazidisha kwa 100. Ukipata 100, watu wanataja umri wao bila upendeleo. Ukipata 500, kila mtu ametaja umri unaoishia na 0 au 5. Kwa vipimo vya Umoja wa Mataifa, chini ya 105 ni data safi sana na juu ya 175 ni mbovu sana.

Kinachochekesha ni kwamba kipimo chenyewe kinakoma kwenye miaka 62, na kwetu tatizo ndiyo kwanza linaanza hapo.

Nilisoma pia kwamba kwa Wachina wa Han tatizo hili ni dogo, hata kwa vizazi ambavyo havikusoma, kwa sababu kila mtu anajua alizaliwa mwaka wa mnyama gani: panya, ng'ombe, chui, na kadhalika, kwa mzunguko wa miaka 12. Mtu hakumbuki namba lakini anakumbuka mnyama, na mnyama hasahauliki. Nikasema, aa, hata sisi tunacho kitu cha namna hiyo! Wakalenjin tuna ibinda, yaani rika la waliotahiriwa kipindi kimoja, na marika yanafuatana kwa mpangilio usiobadilika. Chumo, kisha Sawe, kisha Korongoro, na kuendelea mpaka majina yanarudi mwanzo. Mzee anaweza asijue mwaka wake wa kuzaliwa lakini hawezi kukosea rika lake, na anajua nani alimtangulia. Shida ni upana. Rika moja hubeba takriban miaka 15, na wanaume ndio walioulizwa kila mara. Kwa akina mama unahitaji njia nyingine.

Hapo ndipo anapoingia Kogo.

Kitambulisho chake kinasema 1958. Kijana aliyeandikisha nyumba yetu aliingiza 1958, na programu ikakataa. Nilikuwa nimeweka sharti la kawaida: mama hawezi kuwa na mtoto aliyemzidi umri fulani. Mtoto wake wa kwanza, shangazi yangu mkubwa, alizaliwa 1965. Kwa mujibu wa serikali, Kogo alijifungua akiwa na miaka saba.

Nikaenda kukaa naye jikoni, nikamwuliza, "Kogo, ulizaliwa mwaka gani?"

"Mwaka wa mvua."

"Mvua gani, Kogo?"

"Sasa mimi nilikuwa mtoto, ningejuaje ni mvua gani?"

Nikabadilisha swali. Wakati wa Uhuru ulikuwa wapi? Hapo akawaka. Alikuwa ameshaolewa, hapa hapa, na anakumbuka watu waliokwenda Kericho kusherehekea na wakarudi kwa miguu. Hiyo ni Desemba 1963. Aliolewa lini? Mavuno mawili kabla. Alikuwa msichana wa namna gani alipoolewa? Akanionyesha binti ya jirani aliyekuwa akipita na kuni. Binti huyo yuko kidato cha tatu. Tukaendelea hivyo. Mzee Kenyatta alipofariki, Agosti 1978, nani alikuwa mgongoni? Njaa ya 1984, ile ya mahindi ya manjano, nani alikuwa ameingia shule? Kila jibu lilibana mwaka wake wa kuzaliwa kutoka juu au kutoka chini. Mwishowe tukabaki kati ya 1943 na 1947.

Hii si mbinu yangu. Makarani wa sensa Kenya hubeba kalenda ya matukio ya kila eneo kwa kazi hiyo hiyo. Ila karani ana nyumba nyingi za kumaliza kwa usiku mmoja na siku chache zinazofuata, na mimi nilikuwa na mchana mzima na birika la chai.

Mwaka 1958 ulitoka wapi? Vitambulisho vya zamani vilikuwa vya wanaume. Akina mama walianza kuandikishwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Kogo anasema alisimama kwenye foleni, afisa akamtazama usoni, akaandika. Hakuulizwa. "Alisema naonekana bado kijana," ananiambia, na mpaka leo kauli hiyo inamfurahisha kidogo.

Mwaka 2018 serikali ilipanua mpango wa Inua Jamii uwe wa kila mtu aliyefikisha miaka 70 asiye na pensheni, shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa umri wake wa kweli Kogo alistahili tangu siku ya kwanza. Kwa umri wa kitambulisho, atafikisha 70 mwaka 2028. Kwa miaka kumi ni shilingi 240,000, kwa mtu ambaye dawa ya presha anainunua kwa pesa ya majani chai. Baba alikwenda kwenye ofisi moja kuulizia kurekebisha, akaambiwa alete cheti cha kuzaliwa cha Kogo. Mtu aliyezaliwa jikoni miaka ya 1940! Akaambiwa basi alete cheti cha ubatizo. Akakipeleka, kina mwaka wa kubatizwa tu, na alibatizwa akiwa mama wa watoto watatu. Faili bado liko huko.

Nilipomweleza Kogo hesabu yote hiyo alinisikiliza vizuri, kisha akasema, "Andika unavyotaka. Hata yule aliandika alivyotaka."

Sikuandika nilivyotaka. Nilirudi kwenye kompyuta nikabadilisha fomu. Kisanduku kimoja cha "tarehe ya kuzaliwa", chenye siku, mwezi na mwaka, kinamlazimisha karani kudanganya. Ukikifanya kuwa cha lazima, atajaza 1 Januari, maana hawezi kwenda nyumba inayofuata bila kujaza. Kisha mtu wa ofisini anaona tarehe kamili na kudhani ni ukweli kamili. Nikaweka safu tatu badala yake: mwaka wa mapema kabisa, mwaka wa mwisho kabisa, na tumejuaje (kadi, kitambulisho, rika, tukio). Kogo yuko 1943, 1947, tukio. Kwa mnaopenda viwango, ISO 8601 inaruhusu kuandika mwaka peke yake bila mwezi wala siku, na sehemu yake ya pili ya mwaka 2019 inaruhusu hata alama ya kukadiria: 1945~ ni "karibu 1945". Ukitengeneza mfumo wowote utakaotumiwa na watu wa vijijini, tafadhali soma hapo kabla ya kunakili ile kalenda ndogo ya kubofya ambayo inamtaka nyanya wa watu arudi nyuma mwezi mmoja mmoja mpaka 1945.

Kwa safu hizo unaweza kuuliza maswali mawili tofauti: nani hakika amefikisha 70, na nani huenda amefikisha. Tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo idadi ya watu wanaotegemea kalamu ya afisa fulani wa zamani. Kijijini kwetu si wachache.

Sasa turudi kwenye nasari na presha.

Upande wa watoto, kijiji kinafanana na nchi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa wastani wa watoto 8. Utafiti wa 2022 ulipata 3.4. Katika sensa ya 2009 kundi la miaka 0 hadi 4 lilikuwa kubwa kuliko yote. Mwaka 2019 kundi hilo likawa dogo kuliko la 5 hadi 9, nalo likawa dogo kuliko la 10 hadi 14. Sehemu ya upungufu huo ni watoto wachanga kusahaulika kuhesabiwa, jambo la kawaida katika sensa, lakini si wote. Nyumbani kwetu Kogo alizaa tisa, mama watano, dada yangu ana wawili na anasema amefunga duka.

Uzuri wa umri ni kwamba unatabirika. Mtoto wa mwaka mmoja leo ataingia nasari baada ya miaka mitatu, hakuna miujiza. Tulipowasogeza watoto wetu mwaka baada ya mwaka, darasa la nasari lililopo liliwatosha kwa miaka mitatu ijayo, ingawa kwa kubanana mwaka wa kwanza. Msongamano ulikuwa umeshahamia juu, kwa wale wakubwa waliopaswa kuingia sekondari ya msingi, ile iliyoanza na Gredi ya 7 Januari 2023. Upande wa wazee mstari ulikuwa unapanda tu. Kilichonishtua zaidi si idadi yao, ni safu ya "anaishi na nani". Wengi walikuwa na mjukuu mmoja, au peke yao.

Nikapeleka grafu kwenye mkutano, nimezichapisha karatasi kubwa. Nilidhani zitaongea zenyewe. Mama mmoja mwenye chai karibu na mto akasimama akasema: mwanangu, hesabu yako ni nzuri, lakini umehesabu waliopo. Binti zangu wawili wako kwenye nyumba za kampuni na watoto wao. Mashine zikichuma chai, watarudi wapi?

Ukumbi ukanyamaza. Kila mtu pale alikumbuka Mei 2023, mashine za kuchuma chai zilipochomwa moto Kericho. Na yuko sahihi. Kusogeza umri ni hesabu rahisi. Uhamaji ndio hauna kanuni. Kampuni ikifunga nyumba hamsini, watoto wao hawatokei kwenye jedwali la kampuni, wanatokea kwenye nasari ya Roret, wiki moja, bila taarifa.

Tukabishana mpaka giza. Mwisho wake kikundi kilichagua siku ya presha, kwa mwaka mmoja, na kikaweka kando sehemu ya pesa ambayo haitaguswa mpaka tuhesabu tena watoto wakati wa bonasi ijayo. Fomu imeongezewa swali: una mtoto au mjukuu anayeishi kwenye nyumba ya kampuni? Wana umri gani? Mama wa mtoni ndiye aliyependekeza maneno yake.

Siku ya presha ya kwanza imeshafanyika, chini ya mti wa kituo cha kununulia chai, Jumamosi isiyo na ununuzi. Muuguzi alikuwa na daftari lake, na kwenye daftari kuna safu ya umri. Nilimsikia akimwuliza Kogo, na Kogo akaninyoshea kidole: "Muulize huyo, yeye ndiye anayejua." Nikamwambia muuguzi aandike "karibu themanini". Akasema daftari linataka namba.

Programu nitaiweka wazi nikimaliza kusafisha majina ya watu kwenye mifano. Anayetaka kuijaribu kijijini kwake anatakiwa kubadilisha kitu kimoja tu kabla hajaanza, nacho ni orodha ya matukio. Waulizeni wazee wenu, msinakili yetu. Mahindi ya manjano ya 1984 kule kwenu huenda hata hayakufika.